Majani ya mkaratusi: venye natumia nyumbani, na mahali lazima uwe makini

Baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba mnaijua, unaamka pua zote mbili zimeziba, mtoto anakoroma usiku kucha, na kwa ploti kila mlango una mtu anakohoa. Kwetu kitu cha kwanza kutafutwa ni majani ya mkaratusi, ule mti wengine wanaita blugamu na Wakikuyu wanauita munyua maai, yaani mnywa maji. Shosho alinifunza nikiwa mdogo. Nimeutumia miaka mingi na nimeona pia watu wakiumia nao, ndio maana naandika.

Kwanza ujue unachuma nini. Mikaratusi iko aina zaidi ya 700, kwao ni Australia, na huku ililetwa karibu mwaka 1902 ndio itoe kuni za kuendesha garimoshi la reli ya Uganda. Chukua jani moja, lile refu limepinda kama mundu, liinue juu uliangalie kwa mwanga wa jua. Utaona vidoti vidogo vidogo vinang'aa kama mtu amelidunga na sindano kila mahali, hivyo ndio vifuko vya mafuta. Sasa lifikiche na vidole unuse, harufu inafaa ipande mpaka uisikie kwa macho, kali halafu baridi. Ukisikia harufu ya nyasi tu wachana nalo. Mimi napenda zaidi majani ya ile aina ya blugamu yenyewe, ikiwa changa, yale ya mviringo rangi ya bluu ya kijivu yako na unga juu, ukiyagusa unabaki kwa kidole.

Usichume kando ya barabara kubwa, hayo yamekunywa moshi wa matatu mwaka mzima. Ongea na mtu ako na shamba pande za Limuru ama Ngong, wakikata miti matawi hubaki hapo chini tu, utapewa bure. Yaoshe vizuri.

Haya, kujifukiza. Chemsha maji kama lita moja na nusu, ZIMA MOTO, halafu ndio utie majani, kama 10 hadi 15 umeyararua kidogo, ufunike dakika 5. Watu wengi wanayachemsha na maji toka mwanzo na hapo ndio wanakosea, mafuta yote yanapaa na mvuke, jikoni panukie vizuri lakini ukifika na pua yako hakuna kitu kimebaki. Weka sufuria juu ya meza imara, si kwa kitanda na si kwa mapaja, funua uache ule mvuke wa kwanza uende, halafu ujifunike leso kichwani, uso uwe mbali na maji kama urefu wa rula. Funga macho. Vuta pole pole na pua dakika 5 mpaka 10, ukisikia inachoma toka nje upumue kwanza. Kamasi italegea, penga, kunywa kitu moto ulale.

Watoto usiwaweke chini ya blanketi na sufuria, tafadhali. Jirani yetu mmoja alikuwa anamfukiza kijana wake wa miaka minne, sufuria iko sakafuni, ndani ya blanketi ni giza, mtoto akaogopa akarusha mguu na maji yote yakamwagika kwa paja. Nilisikia ile kelele kutoka kwangu. Walikaa hospitali wiki kadhaa na mpaka leo ile ngozi imekunjana. Mtoto mdogo mnunulie tu maji ya chumvi ya kutia puani pale kemisti, inamtosha. Na wewe kama uko na asma usijaribu kufukiza, harufu kali inaweza kukubana kifua kabisa.

Pia tuelewane, mvuke unafungua pua, hauui ugonjwa. 2020 tulijifukiza nyumba nzima asubuhi na jioni na haikuwa dawa ya korona. Ukiona mtu anapumua haraka haraka, mbavu za mtoto zinaingia ndani akivuta pumzi, homa imekaa siku tatu, ama anakohoa damu, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Yale mafuta ya mkaratusi ya kwa chupa usinywe, hata tone kwa chai. Kijiko kimoja tu kidogo kinaweza kumfanya mtoto apate degedege, kwa hivyo chupa iwekwe juu mahali hawezi kufika. Ya kuchua mgongo na miguu ya mtu mzima, tia matone 5 ama 6 kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, usipake yenyewe bila kuyachanganya, yatakuchoma. Mtoto mchanga usimpake kabisa, sana sana usoni na karibu na pua.

Mengine ni ya haraka. Majani yaliyokaushwa kivulini na kufungwa kwa kitambaa yanawekwa kabatini kwa nguo, matone machache kwa maji ya kupiga deki, na ile gundi ya stika hubaki kwa chupa inatoka ukisugua na mafuta hayo. Mbu? Aina yenye harufu ya limau ndio inajulikana kwa hiyo kazi, lakini neti isitolewe kitandani.

Na kama uko na kashamba unataka kupanda, usipande karibu na mto, kisima ama chemchemi, hilo jina munyua maai halikutoka hewani. Panda juu kwenye mteremko mkavu, mbali na mahindi. Miaka michache tu utakuwa na kuni na miti ya mjengo, ikikaa zaidi inafika nguzo za stima. Ukikata using'oe kisiki, kitachipuka chenyewe, na kama ni blugamu hayo machipukizi ndio huwa na yale majani ya mviringo ya bluu niliyosema pale juu. Chuma hayo.