Yungiyungi: tazama tunguu kabla hujalifukia

Juzi nimefukua tunguu la yungiyungi jekundu uwani kwangu Fuoni, limeoza katikati na linatoa maji ya kahawia. Kosa ni langu, nililizika lote. Kumbe lipandwe shingo ikiwa nje, theluthi moja hivi juu ya udongo. Ukilizika lote, maji ya mvua ya masika hutuama shingoni, na kuoza huanzia hapo hapo. Udongo ukiwa mzito changanya na mchanga, lakini si wa pwani, una chumvi.

Hii ni kwa tunguu lenye maganda makavu kama kitunguu maji: amarili, krinamu na jamaa zao, ambao majani yao hutoka chini kwa pamoja. Ukiona halina ganda la nje, ni vipande vilivyopandana kama magamba ya changu na vinabanduka kwa kidole, hilo ndilo yungiyungi halisi, Lilium, na majani yake hupanda na shina. Hapo shingo nje haifai. Hutoa mizizi hata kwenye shina juu ya tunguu, kwa hiyo lifukie kama sentimita 15. Tena linataka msimu wa baridi, nasi Unguja baridi tutaitoa wapi? Mimi silinunui tena. Na mwenye paka asiliingize ndani kabisa, hata chavua yake huua figo za paka.

Yale ya maganda nayo yana sumu ya kutapisha. Usiyaweke kapu moja na vitunguu vya jikoni.