Nani Alimwosha? Somo la kuandika riwaya ya mfalme aliyejifanya amekufa

Habari za jioni wanajamvi. Wengi mliomba somo la riwaya ya taharuki, na mmoja wenu akataja kabisa anachotaka: mfalme anajifanya amekufa, anazikwa kwa mizinga, kumbe yuko mahali anakunywa chai. Haya, leo tulifanye hilo.

Mimi mwenyewe niliwahi kulijaribu likanishinda. Rasimu ilikuwa na kurasa 90. Sultani wa kisiwa cha kubuni amechoka na ufalme, daktari wake anatangaza kifo, usiku sultani anapanda jahazi na kupotea. Nikampa mke wangu asome. Alipofika ukurasa wa 30 akaniuliza jambo moja tu: "Nani alimwosha?" Sikuwa na jibu. Maiti ya Mwislamu haiingii kaburini bila watu kuiosha na kuikafini, na watu wana midomo. Kurasa 60 zilizobaki zikafia hapohapo.

Tangu siku hiyo kila hadithi ya namna hii naianza na swali hilo la mke wangu. Mfano wetu leo ni Tsar Alexander I wa Urusi, yule aliyemshinda Napoleon, maana kifo chake kimezua uvumi tangu mwaka uleule alipokufa.

Hatua ya 1: Tafuta kifo chenye mianya

Usijitwishe kazi ya kutengeneza mianya yote mwenyewe. Tazama historia ilivyojirahisishia hapa. Alexander alifariki tarehe 19 Novemba 1825 akiwa na miaka 47. Hakufia katika kasri la Saint Petersburg mbele ya mawaziri, bali katika nyumba ya kawaida huko Taganrog, mji mdogo wa bandari kwenye Bahari ya Azov. Alikwenda huko kwa sababu mkewe, Elizabeth, alikuwa mgonjwa na alihitaji hali ya hewa yenye joto. Mgonjwa ni mke, anayekufa ni mume! Alipata homa katika safari ya Crimea, akarudi, na katika wiki chache mambo yakaisha.

Mbali na mji mkuu, watu wachache, ghafla. Hiyo ndiyo mianya mitatu unayoitafuta.

Hatua ya 2: Hesabu midomo

Hapa ndipo riwaya nyingi zinapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua karatasi, andika jina la kila mtu ambaye lazima ajue ili uongo usimame. Usiandike anayeweza kujua; andika ambaye hakuna namna asijue.

Taganrog walikuwapo: Elizabeth mwenyewe; Jemadari Volkonsky, rafiki wa tsar tangu ujana; Jemadari Diebitsch; daktari mkuu James Wylie, Mskoti aliyemtumikia kwa miaka mingi; daktari Tarasov; daktari wa malkia, Stoffregen; padri aliyemkomunisha. Ongeza watumishi wa chumbani, waliobeba jeneza, na madaktari wengine walioitwa kutia sahihi ripoti ya uchunguzi wa maiti. Ni midomo mingi mno.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza: nani anaweza kudanganywa badala ya kushirikishwa? Padri anamkomunisha mgonjwa kwelikweli, kisha anatoka. Watumishi wanaona mtu amefunikwa shuka. Ya pili ni kumpa kila aliyebaki sababu yake ya kunyamaza, na sababu hizo zitofautiane. Mmoja ananyamaza kwa mapenzi, mwingine kwa woga, wa tatu kwa kuwa tayari ametia sahihi na kusema ukweli kutamtia yeye kitanzini. Ukiwapa wote "uaminifu kwa mfalme", msomaji atafunga kitabu.

Kisha chagua mmoja atakayeteleza. Mfano mtamu ni Tarasov: katika kumbukumbu zake alidai kwamba aliandika ripoti ile lakini hakuitia sahihi, na sahihi yake imo! Mwanahistoria atakwambia mzee alisahau. Mwandishi wa taharuki anajenga sura nzima juu ya wino huo.

Hatua ya 3: Mpe sababu iliyo kubwa kuliko kiti cha enzi

Kwa nini asing'atuke tu? Jibu hili mapema, la sivyo kila ukurasa utakusuta. Mtu wa kawaida hujifanya amekufa kwa madeni au bima. Mfalme hana deni la namna hiyo.

Alexander alikuwa na jeraha. Baba yake, Paul I, aliuawa ndani ya kasri lake mwezi Machi 1801, na mwana alijua kwamba njama ya kumwondoa baba ipo, ingawa hakutaka auawe. Akaketi kwenye kiti kile kwa miaka 24. Mwaka 1824 akafiwa na binti yake aliyempata nje ya ndoa, na Novemba ya mwaka huo mafuriko yakaizamisha Saint Petersburg. Mara kadhaa alishazungumza na watu wa karibu kuhusu kuuacha ufalme. Anayeng'atuka hubaki kuitwa mfalme wa zamani, hubaki na jina lake. Huyu alitaka kuliacha hata jina. Ukimweka hivyo, kung'atuka hakumtoshi.

Hatua ya 4: Mwili

Jeneza tupu ni uzito usio sahihi mabegani mwa wabebaji. Unahitaji maiti, na isiyo ya kuuawa kwa ajili hiyo, isipokuwa unataka shujaa wako achukiwe.

Mapema mwezi huohuo wa Novemba, tarishi aitwaye Maskov, aliyekuwa katika safari ya tsar, alirushwa kutoka kwenye gari la farasi akafa. Waliozua uvumi walimdaka haraka: eti ndiye aliyezikwa. Udhaifu wake ni kwamba kati ya vifo hivyo viwili zimepita zaidi ya wiki mbili, na daktari yeyote ataona tofauti. Ukimtumia Maskov, onyesha kwamba unalijua tatizo hilo. Kilichosaidia uvumi ni kwamba dawa za kuhifadhia maiti hazikufanya kazi vizuri, uso ukageuka mweusi, na jeneza halikufika Saint Petersburg mpaka mwaka uliofuata. Mazishi yalifanyika Machi 1826.

Hatua ya 5: Tumia ucheleweshaji wa habari

Tsar amekufa tarehe 19. Habari zimefika Warsaw, aliko ndugu yake Constantine, tarehe 25. Saint Petersburg, tarehe 27. Siku nane mji mkuu unamwombea afya mtu ambaye hayupo. Halafu Constantine, ambaye kila mtu anamdhania mrithi, alishaukataa ufalme kwa siri. Nicholas, ndugu yao mdogo, anamwapia Constantine, Constantine anamtambua Nicholas, na tarehe 14 Desemba maofisa waasi wanakusanya askari uwanjani. Mizinga ikalia. Watu wakafa.

Hapo ndipo penye moyo wa riwaya yako: mtu aliyetaka kufa kimya asikie kwamba kifo chake cha uongo kimeleta vifo vya kweli.

(Angalizo la kalenda: Urusi ya wakati huo ilikuwa nyuma ya Ulaya Magharibi kwa siku 12. Tarehe 19 Novemba yao ni 1 Desemba ya wengine. Chagua kalenda moja ubaki nayo.)

Hatua ya 6: Maisha ya pili

Mwaka 1836, huko Krasnoufimsk, alikamatwa mzee mmoja aliyejiita Fyodor Kuzmich. Hana karatasi, hasemi ametoka wapi. Akachapwa viboko 20 kwa uzururaji, akapelekwa Siberia. Aliishi vijijini, akifundisha watoto na kuwapa watu nasaha, kisha kwa mfanyabiashara wa Tomsk, mpaka alipofariki mwaka 1864. Watu walisema alijua mambo ya kasrini na ya vita vya 1812 kama aliyekuwapo. Aliacha vikaratasi vyenye maandishi ya fumbo. Kanisa la Orthodox la Urusi lilimtangaza mtakatifu mwaka 1984.

Uvumi ukasema ndiye tsar mwenyewe. Angekuwa Alexander, angefikisha miaka 86. Inawezekana. Lakini mwandishi mwenzangu, kaa na vile viboko 20. Neno moja tu, "Mimi ni tsar", lingetosha kumzuia mchapaji, au kumfanya aongeze kwa kicheko. Sura hiyo iandike polepole. Ndiyo ambayo ningeilipia kitabu kizima.

Hatua ya 7: Usithibitishe mwishoni. Wanahistoria wengi wanasema tsar alikufa Taganrog kwa homa, nami nakubaliana nao. Riwaya yako isibishane nao. Iishi kwenye ule wino wa Tarasov.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Je, siwezi kuandika kuhusu Princess Diana? Anajulikana zaidi kuliko huyo Mrusi.

Marahaba. Unaweza, lakini mimi singefanya. Alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997. Polisi wa Uingereza walichunguza madai ya njama wakasema hakuna, na mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi kwamba ni uendeshaji wa kizembe uliokithiri, wa dereva wake na wa magari yaliyokuwa yakiwafukuza. Wanawe wako hai. Zaidi ya hapo, hesabu midomo: hospitali nzima ya Paris! Buni nchi, buni binti mfalme, kilio chake kitabaki kilekile.

Kutoka Mombasa: Na sisi wa pwani? Zanzibar hakuna kifo cha namna hiyo?

Kipo kinachotamanisha. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, akazikwa siku hiyohiyo, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini papo hapo. Siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikalipiga kasri. Uvumi wa wakati ule ulikuwa wa sumu, wewe ugeuze. Maziko ya haraka yanakupunguzia kazi ya jeneza, lakini yanakurudisha kwa mke wangu: waoshaji. Watu watatu au wanne, usiku wa joto, mlango umefungwa. Anzia humo chumbani.

Kutoka Bujumbura: Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mfalme yu hai, au nimfiche?

Ajue. Ukimficha unapata mshtuko wa ukurasa mmoja. Akijua, kila anayepita karibu na yule mzee wa Siberia anamtia msomaji jasho.

Kutoka Muscat: Ndugu, hadithi yangu ni ya leo. Kuna vinasaba, kuna kamera kila kona.

Basi mwili usipatikane kabisa: boti, ndege ndogo, bahari. Ila bila mwili midomo inaongezeka, haipungui, kwa sababu kila mtu atatafuta. Kamera usizihofu sana. Mhofu dereva.

Kutoka Tanga tena: Mwalimu, kile kitabu chako cha sultani uliwahi kukimaliza?

Bado. Nimefika ukurasa wa 41. Safari hii muosha maiti ndiye msimulizi, na mke wangu amekataa kukisoma mpaka nimwambie alilipwa nini.