Somo: Kutafuta mchezo wa timu yako wa siku uliyozaliwa

Ndugu zangu mashabiki wa besiboli, wengi mmeniomba niandike hili taratibu, hatua kwa hatua. Nitaanza na habari yangu mwenyewe, kwa sababu kosa nililolifanya mimi ndilo nimeliona kwa karibu kila mtu aliyezaliwa kwetu.

Cheti changu kinasema 30 Aprili 1988, Morogoro. Nilipohamia Maryland na kuanza kuwapenda Baltimore Orioles, nilifungua kumbukumbu za siku hiyo. Orioles walikuwa Chicago, wakashindwa na White Sox. Nikaumia, nikaacha. Miaka miwili baadaye mama alikuja kututembelea. Tukiwa tunachambua mchele jikoni akasema, "Wewe ulizaliwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa kumi, adhana bado." Kwenye kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa 10:00, nami siku zote nilisoma saa nne asubuhi. Nikaacha mchele nikachukua kalamu. Saa kumi alfajiri Morogoro ilikuwa saa mbili usiku Chicago, tena Ijumaa, tarehe 29. Mchezo ulikuwa unaendelea.

Na usiku ule si usiku wa kawaida. Orioles walikuwa wameanza msimu wa 1988 kwa kushindwa michezo 21 mfululizo. Siku ya ufunguzi tu walichapwa 12-0 na Milwaukee Brewers. Baada ya vipigo sita kocha mkuu, Cal Ripken Sr., akafutwa kazi, akaingia Frank Robinson, na bado wakaendelea kupigwa. Tarehe 29 Aprili wakashinda 9-0. Huo ndio mchezo wangu. Nilikuwa nimeukosa kwa hesabu ya saa.

Hatua ya kwanza: saa ya kuzaliwa, kabla ya tarehe

Usiguse kompyuta kwanza. Mpigie mama, shangazi, au yeyote aliyekuwepo. Uliza mambo mawili: ilikuwa saa ngapi, na ni usiku wa kuamkia siku gani. Saa iliyoandikwa kwenye kadi huenda ni ya Kiswahili au ya Kizungu, kutegemea nani alishika kalamu, kwa hiyo omba alama nyingine ya kukusaidia: adhana, jogoo, watoto kwenda shule, taarifa ya habari redioni. Kwa wazee wa pwani kuna la ziada. Wengi wao huhesabu siku kuanzia magharibi, hivyo "usiku wa Jumamosi" kwao ni ule ambao wengine wanauita Ijumaa usiku. Muulize mzee mwenyewe anamaanisha upi, usimkisie.

Hatua ya pili: igeuze iwe saa ya uwanjani

Tarehe ya mchezo ni ya mji ulikochezwa, si ya hospitali uliyozaliwa. Wakati wa msimu wa besiboli, kutoka saa ya Tanzania, Kenya na Uganda unatoa saa 7 kupata saa ya Baltimore, New York au Boston. Kwa Chicago, St. Louis na Minneapolis unatoa 8, Denver 9, Los Angeles na Seattle 10. Aliyezaliwa Burundi, Rwanda au mashariki mwa Kongo apunguze saa moja katika kila hesabu hiyo, yaani Baltimore atoe 6. Wa Oman aongeze moja, atoe 8.

Angalizo kwa waliozaliwa kabla ya 1987: zamani Wamarekani walisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Aprili. Kama ulizaliwa, kwa mfano, 10 Aprili 1983, toa saa moja zaidi.

Mimi hupenda kufanya hesabu hii kwa saa za Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Saa 10 za usiku, toa 8, unabaki na saa 2 za usiku uleule. Kalenda ya Kizungu inasema ni siku mbili tofauti, lakini kwetu ulikuwa usiku mmoja, na Chicago walikuwa bado hawajafika katikati yake.

Hatua ya tatu: ukurasa wa msimu

Nenda Baseball-Reference au Retrosheet, tovuti zenye kumbukumbu za michezo ya besiboli. Zote mbili unazisoma bure. Retrosheet ilianzishwa 1989 na David Smith, profesa wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, na inaendeshwa na watu wanaojitolea kukusanya kumbukumbu za michezo ya zamani, nyingine pigo kwa pigo. Nawaheshimu sana watu hawa. Chagua timu, chagua mwaka, fungua ratiba na matokeo, kisha teremka hadi tarehe uliyoipata kwenye hatua ya pili.

Hakikisha timu ilikuwepo mwaka huo na kwa jina hilo. Orioles wa leo walifika Baltimore 1954. Kabla ya hapo walikuwa St. Louis, wakiitwa Browns. Seattle Mariners walianza 1977. Colorado Rockies, timu ya Denver, walianza 1993, kwa hiyo mzee wa Denver aliyezaliwa 1960 itabidi aangalie timu nyingine au atumie siku ya kuzaliwa ya mjukuu.

Hatua ya nne: soma jedwali la mchezo

Bonyeza tarehe, jedwali litafunguka. Juu kuna mstari wa kila timu wenye tarakimu za zamu tisa, na mwishoni namba tatu: mikimbio, mapigo yaliyomfikisha mpigaji salama, na makosa ya walinzi. Mkimbio ndio bao. Chini yake ni majina ya wapigaji, kisha warushaji. Mimi husoma majina yote kwa sauti. Kwenye jedwali langu Cal Ripken Jr. na Eddie Murray wote wawili walipiga homurani, yaani mpira uliovuka ukuta wa nje. Cal ni mtoto wa yule kocha aliyefukuzwa wiki chache tu nyuma.

Angalia pia rekodi ya timu baada ya mchezo. Yangu inasomeka 1-21: ushindi mmoja, vipigo 21. Bila namba hiyo ningeona 9-0 na kudhani ni ushindi wa kawaida.

Usiishie hapo, soma michezo mitatu minne ya mbele na nyuma. Orioles walishindwa tena miwili Chicago, wakarudi nyumbani 2 Mei wakiwa 1-23, na uwanjani wakawakuta mashabiki zaidi ya elfu 50 waliokuja kuwapokea. Nilikuwa na umri wa siku mbili.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mimi nimezaliwa 25 Desemba. Nifanyeje?*

Msimu hukaa kati ya mwisho wa Machi na Oktoba au mwanzo wa Novemba, hivyo chukua michezo miwili: wa mwisho wa timu yako kabla yako na wa kwanza baada yako. Nimeona wengi wakifurahia huu wa pili zaidi, maana ni mchezo wa kwanza timu yao ilioucheza wao wakiwa duniani.

*Swali: Habari ya kazi, kaka. Niko Montreal, nimezaliwa Bujumbura 20 Agosti 1994. Wazee wa hapa bado wanawalilia Expos. Nikitafuta jina hilo siku hiyo sioni kitu.*

Njema, dada. Hujakosea. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji wa ligi kuu waligoma, na msimu haukurudi tena. Hata fainali za mwaka huo zilifutwa. Ulizaliwa viwanja vikiwa kimya. Expos walisimama na rekodi ya 74-40, bora kuliko timu zote za ligi kuu, ndiyo maana wazee hao wanalia mpaka leo. Chukua mchezo wao wa mwisho kabla ya mgomo na wa kwanza wa Aprili 1995. Kumbuka timu ilihamia Washington ikaanza kucheza huko 2005 kwa jina la Nationals, kwa hiyo kumbukumbu zake utazikuta kwenye ukoo wa Nationals.

*Swali: Siku yangu ina michezo miwili ya timu ileile!*

Hiyo ni kawaida, mara nyingi kwa sababu ya mvua za siku za nyuma. Saa yako ya kuzaliwa ndiyo itakayoamua. Huna saa? Chukua yote miwili.

*Swali: Mwanangu kazaliwa Washington 15 Mei 2018. Jedwali la Nationals na Yankees la siku hiyo linasema Juan Soto alipiga homurani. Lakini Soto aliingia ligi kuu 20 Mei. Nani anadanganya?*

Hakuna. Mchezo ule ulikatizwa na mvua katikati, ukamaliziwa 18 Juni, na kwa kanuni kila kilichotokea kinaandikwa chini ya tarehe ya mwanzo. Soto aliingia kwenye sehemu ya Juni, akapiga, Nationals wakashinda 5-3. Mwandikie mwanao tarehe zote mbili.

*Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni wa Uvira. Karatasi zangu zinasema 1 Januari 1997, kama za watu wengi tuliotoka nao kambini. Si tarehe yangu. Mama anasema ilikuwa majuma machache baada ya Mobutu kukimbia. Naona somo hili si la watu kama mimi.*

Marahaba, mdogo wangu. Ni lako pia. Mobutu aliondoka Kinshasa 16 Mei 1997, kwa hiyo tuanze mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Sasa sikia: mwaka huo Orioles waliongoza kundi lao kuanzia siku ya kwanza ya msimu mpaka ya mwisho, wakamaliza 98-64. Siku yoyote utakayoangukia, timu yako ilikuwa kileleni. Na Cal Ripken Jr. hakukosa mchezo hata mmoja tangu 30 Mei 1982 hadi Septemba 1998, jumla michezo 2,632. Kwa hiyo kama Orioles walicheza siku uliyozaliwa, Cal alikuwemo. Hilo unaweza kuliandika leo hii bila kujua tarehe.

Kisha tuipunguze pamoja. Muulize mama kama mahindi yalikuwa mabichi au yamekauka, mwezi ulikuwa mchanga au mpevu, na jirani yupi mwingine alijifungua karibu na yeye. Niletee majibu, nami nitakaa na kalenda ya 1997.