Finalisti wa L'shi unataka kusoma inje? Usingoje diploma itoke

Bafinalisti mingi hapa Lubumbashi banaonaka kama masomo ya inje inaanza siku matokeo ya Exetat (mtihani ya serikali ya mwisho wa sekondari) inatoka, njo wanaanza kukimbiakimbia na dosie, kumbe kule mlango imeshafungwa. Angalia: Ufaransa, kama unaomba mwaka wa kwanza ya universite, dosie inafunguliwa tarehe 1 Oktoba na kufungwa 15 Desemba. Ule wakati wewe ungali unakaa ku banki ya klasi. Ubelgiji, upande ya Wallonie-Bruxelles, ekivalansi ya diploma (karatasi ya kusema diploma yako inalingana na ya kwabo) inaombwa mbele ya 15 Julai. Kwa hiyo anza mwaka moja mbele.

Ya kwanza ni majina, na hapa niko serieux. Sisi tuko na jina, postnom na prenom, lakini formulere za kule ziko na fashi mbili tu, na secretere ya masomo anaandika vile anasikia, kwa hiyo buletini inasema Mwamba, paspoti inasema Muamba, na acte ya kuzaliwa iko na ingine kabisa. Kule bataona batu batatu. Enda kwa prefe (mkubwa wa masomo) wakati liste ya Exetat ingali ya kurekebisha, beba paspoti ao acte, angalia herufi moja moja, na tarehe ya kuzaliwa pia. Diploma ikishatoka na kosa, itabidi uifwate mpaka Kinshasa. Omba na buletini za miaka mbili za mwisho, zenye signature na kashe, kopi mingi.

Sasa masomo yenyewe. Siku ine za Exetat ni kuchagua jibu moja kati ya tano, na mtoto wa kwetu anakuwa fundi wa ile. Lakini kule profesere anakuambia andika kurasa tano, sema kila wazo umeitoa wapi, ukikopia ku intaneti bila kusema wanaweza kukukatia pointi zote. Kitu tuko nayo ya kufanana na ile ni disertasio tu, na bengi banaifanya mbio mbio juu iwaishe. Usiache. Kila wiki andika moja, umupe mwalimu wa Kifaransa asome, na kama anakatakata na bic nyekundu, afazali akate sasa.

Pia hapa tunazoea mwalimu adikte. Ku anfi (sale kubwa ya universite) hakuna mtu atadikta, profesere anasema anaenda. Jizoeze siku ya Mungu ku kanisa, pasta anahubiri wewe unaandika kwa maneno yako, ukifika nyumbani unaangalia kama unaelewa kitu. Bandugu bako bataona unaombeaka sana, acha waone.

Na kredi, njo kipimo ya kazi ya mwanafunzi: mwaka ni 60, kila moja ni masaa 25 mpaka 30 ya kazi, kwa hiyo ukiona ku horere masaa ni kidogo usifurahi, ingine yote ni yako peke. UNILU (universite ya Lubumbashi) pia iko mu LMD (licence, master, doctorat, mpango wa kredi) sasa, kama uko na yaya kule mwambie akuonyeshe vile anapanga wiki yake.

Wenye banafikiri Zambia ao Afrika Kusini, Kasumbalesa iko karibu lakini Kingereza ya ku klasi haitoshi, ile ya kukonjuga tu. Ongea, soma, sikiliza. IELTS (mtihani ya Kingereza) usifanye mapema sana juu matokeo yake inaisha kisha miaka 2. Afrika Kusini bataangalia pia diploma yako kupitia SAQA, ofisi yabo ya kupima diploma.

Mambo ya garan (mwenye kukubali kukulipia maisha kule), kwa wa Ubelgiji: mwenye kusaini annexe 32, njo formulere ya garan, lazima akuwe na mushahara ya kweli, bataipima. Komisionere (mtu wa kati) akikuambia viza iko sure umupe tu makuta, ondoka. Na skani karatasi zote utume ku email yako wakati kuran iko, juu mwisho ya tarehe haingojake SNEL irudishe kuran.