Kusanifu na kujaribu mkono wa roboti kwa mashindano ya wanafunzi

Mkono wa roboti huanzia kwenye kitabu cha kanuni, si kwenye sanduku la vifaa. Katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, roboti lazima itoshee ndani ya mchemraba wenye inchi 18 kila upande, yaani takriban sentimita 45.7, kabla mchezo haujaanza, na sekunde 30 za mwanzo hujiendesha yenyewe bila dereva kugusa chochote. Kila msimu huongeza masharti yake. Katika msimu wa 2024 hadi 2025, kwa mfano, kikapu cha juu, ambamo roboti ilitia vipande vya mchezo, kilikuwa inchi 43 kutoka sakafuni, huku roboti ikikatazwa kutanuka kwa mlalo kupita eneo la inchi 20 kwa 42. Kwa hiyo urefu wa mkono hauchaguliwi kwa kupenda: unabanwa na mahali unapotakiwa kufika, nafasi unayotakiwa kujikunja, na umbali ambao hauruhusiwi kuuvuka.

Masharti hayo yakishajulikana, mkono wa kwanza uundwe kwa kadibodi. Vipande vikatwe kwa vipimo halisi, viungo vifungwe kwa bolti ndogo, kisha mkono upitishwe polepole katika njia yake yote, kuanzia ulipojikunja, kuteremka hadi sakafuni, hadi kufikia shabaha. Ndani ya saa moja timu itagundua kwamba kiwiko kinagonga betri, au kwamba kishikio kinafika kikapuni kikiwa kimeinama upande usiofaa, mambo ambayo kwenye aluminiamu yangegharimu wiki nzima pamoja na vifaa ambavyo huku kwetu mara nyingi huagizwa kutoka nje.

Hatua inayofuata ni hesabu, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa kazi yote, kwa sababu mota ikichaguliwa kwa kukisia, hakuna programu itakayoiokoa. Kiungo cha bega huelemewa zaidi mkono unapokuwa umelala sambamba na sakafu, hivyo tuhesabu katika hali hiyo. Tuchukue mkono wenye urefu wa sentimita 40 na uzito wa gramu 400 uliosambaa sawasawa, wenye kishikio na mzigo vyenye jumla ya gramu 500 kwenye ncha. Ncha inadai kilo 0.5 mara 9.8 (mvutano wa dunia) mara mita 0.4, yaani nyutoni mita 1.96, nyutoni mita ikiwa kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mkono wenyewe, ambao uzito wake unahesabiwa katikati, unadai 0.78. Jumla ni 2.74.

Mota ya HD Hex ya kampuni ya REV Robotics, ambayo hutumiwa na timu nyingi, hutoa takriban nyutoni mita 0.105 inapokwama kabisa, na huzunguka mara 6000 kwa dakika isipokuwa na mzigo. Ikipunguzwa kasi kwa gia za 20 kwa 1 itatoa 2.1, na mkono hautanyanyuka. Kwa 40 kwa 1 itatoa 4.2: mkono utanyanyuka, lakini mota itakuwa ikitumia theluthi mbili za uwezo wake wote na itachemka kabla ya mechi kadhaa kupita. Kwa 100 kwa 1 tunapata 10.5, hivyo mzigo wetu unadai takriban robo tu, na akiba inayobaki inafidia msuguano wa gia na betri inayopungua nguvu. Kasi nayo inatosha, kwani robo ya mzunguko itachukua kama theluthi moja ya sekunde, na huenda ikabidi programu iipunguze.

Hesabu hiyohiyo inatuonyesha pa kupunguza uzito. Gramu 100 zikiondolewa kwenye ncha, bega linapunguziwa nyutoni mita 0.39, zikiondolewa karibu na bega, unafuu karibu hauonekani. Ndiyo maana inafaa mota ya kiwiko iwekwe chini, karibu na bega, na mwendo upelekwe juu kwa mnyororo au mkanda, na kishikio kiwe chepesi kadiri kanuni na mzigo vinavyoruhusu. Springi au mipira ya kuvuta inayosaidia kubeba uzito huipa mota nafuu kubwa, mradi isivute kwa nguvu kiasi cha kuuzuia mkono kushuka.

Ulegevu wa kiungo ni adui asiyeonekana mezani. Nyuzi 2 tu za kuchezacheza kwenye bega huwa sentimita 1.4 kwenye ncha ya mkono wa sentimita 40. Ekseli ishikwe na beringi pande zote mbili, na sehemu ya upunguzaji wa kasi ifanyike kwenye kiungo chenyewe: kisanduku cha gia cha 20 kwa 1, kisha jozi ya gia ya 5 kwa 1 begani, inayougawa ulegevu wa kisanduku mara tano.

Upande wa programu, enkoda ya mota hiyo, yaani kihisi kinachopima mzunguko wake, huhesabu alama 28 kwa kila mzunguko, hivyo mkono ukizunguka mara moja tunapata 2800, karibu alama 8 kwa nyuzi moja. Nguvu ya kuushikilia mkono ifuate kosaini ya pembe yake: nyingi zaidi ukiwa umelala, sifuri ukiwa wima. Kwa kuwa enkoda hii haijui mkono uko wapi umeme unapowashwa, pawekwe swichi ya kikomo, inayobonyezwa mkono ukifika mwisho wa njia yake, mahali unapojikunja.

Majaribio yaanze umeme ukiwa umezimwa, mkono ukisogezwa kwa vidole ili kuona kama waya zinavutwa au kubanwa. Kisha uendeshwe kwa nguvu kidogo bila mzigo, halafu kwa mzigo kamili, halafu kwa kurudiarudia tendo moja makumi ya mara huku mkondo wa umeme na joto la mota vikiandikwa. Kabla ya kuanza, chora kwa kalamu ya wino mstari mmoja unaovuka ekseli na kitovu cha gia. Mstari ukivunjika katikati, gia imeteleza juu ya ekseli, hata kama skrubu inaonekana imekaza. Jaribu pia kwa betri iliyotumika nusu, na kwa kufunga breki ghafla roboti ikiwa mbioni na mkono umeinuliwa, kwani hapo ndipo roboti hupinduka. Kila mara kibadilishwe kitu kimoja tu, la sivyo hakuna atakayejua kilichosaidia.

Jedwali la vipimo hivyo lihifadhiwe tangu siku ya kwanza. Waamuzi wa mashindano haya hupokea jalada la uhandisi lisilozidi kurasa 15 mbali na ukurasa wa mbele, na ukurasa mmoja wenye mchoro wa bega, hesabu yake, na vipimo vya kabla na baada ya mabadiliko huwapa wanafunzi kitu thabiti cha kueleza kwa maneno yao wenyewe watakapoulizwa kwa nini walichagua gia za 100 kwa 1 na si 40 kwa 1.