Injini iliyotoka ovahoo: ipe mzigo mapema

Juzi nilimsaidia fundi mwenzangu kuwasha eskaveta iliyotoka ovahoo, yaani injini imefunguliwa yote na kufungwa upya. Alitaka iachwe ingurume taratibu kutwa nzima "ijilainishe". Nami niliwahi kuamini hivyo, na iliniharibia injini nzima. Siku hizi nafanya hivi.

1. Kabla ya kuwasha. Oili, maji, toa upepo kwenye dizeli. Turbo imiminie oili safi kwa mkono. Kata dizeli, piga stata mpaka presha ya oili ipande: isizidi sekunde 30 kwa mkupuo, kisha ipumzishe dakika 2.

2. Washa. Presha isipoonekana ndani ya sekunde 15, zima. Kagua uvujaji.

3. Mzigo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ringi (pete ya chuma inayozunguka pistoni) haikai kwenye silinda kwa nguvu zake tu. Gesi ya mwako hupita nyuma yake na kuisukuma ukutani. Injini isipofanya kazi, gesi hiyo ni dhaifu, ringi inateleza juu ya oili, na oili inaungua na kuacha ngozi ngumu inayoziba michirizi ya honi, ile mikwaruzo midogo inayochongwa kwenye ukuta wa silinda. Yangu niliiacha siku mbili bila kazi. Ilianza kudondosha matone meusi kwenye bomba la moshi na kunywa oili. Nilipoifungua, slivu (kuta za ndani za silinda) zilikuwa ziking'aa kama kioo. Ikabidi nipige honi upya na kununua ringi nyingine.

Kwa hiyo maji yakishapata moto, ingia kazini. Saa ya kwanza chimba udongo laini, kama nusu ya nguvu, kisha panda hadi robo tatu. Badilisha mwendo mara kwa mara. Ila usiikabe: ikianza kugugumia na kutoa moshi mweusi, punguza mzigo. Kama hakuna cha kuchimba, kunja ndoo mpaka mwisho, shikilia lever sekunde chache, achia, rudia, jicho likiwa kwenye joto la haidroliki. Kuinguruma bure kusizidi dakika 5.

4. Sikiliza inavyopumua. Mwanzoni itapumua kidogo kwenye mdomo wa hewa wa krenki, sehemu ya chini ya injini. Inatakiwa ipungue kadiri saa zinavyokwenda, ikizidi, simamisha. Kijiti cha oili kipime kila asubuhi.

5. Oili ya kwanza. Mimi natumia ya madini yenye daraja analotaka mtengenezaji, sinthetiki baadaye. Naimwaga baada ya saa 50 za kazi, pamoja na filta, isipokuwa kitabu cha mtambo kinasema vingine. Filta ikate kwa kikatio chake. Msumeno utachanganya chenga zake na unachotafuta. Tandaza karatasi ya ndani ya filta kwenye mwanga. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa pitishia sumaku: visivyonaswa, hasa vyenye rangi ya shaba, huenda vimetoka kwenye beringi. Usiwashe tena kabla ya kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini).

6. Seti nafasi za valvu upya injini ikiwa baridi, kama kitabu hakisemi vinginevyo.