SOMO: Kuku wa Kimilano, koti lisivuke

Juma hili nimeulizwa mara nne kwa nini koti la chenga za mkate linabaki kwenye kikaango na kuku anatoka mtupu. Naandika mara moja, soma hapa.

Chakula chenyewe ni cha Milano. Cotoletta, yaani kipande cha nyama kilichovikwa chenga na kukaangwa, ya kwao hasa ni nyama ya ndama yenye mfupa, iliyokaangwa kwa siagi. Ya kuku ni ya nyumbani, jioni ya siku ya kazi. Nilijifunzia Malindi, nikiipikia familia ya Kiitaliano.

Watu wanne: vidari 2 vikubwa vya kuku wa kisasa, mayai 2, unga wa ngano kikombe 1, chenga za mkate vikombe 2, chumvi, pilipili manga, mafuta, limau.

1. Pasua kila kidari kwa ubapa, upate vipande viwili.
2. Funika kwa karatasi ya kuokea, gonga kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa sentimita 1 kila mahali.
3. Tia chumvi na pilipili manga.
4. KAUSHA. Hapa ndipo nilipoharibu. Jioni moja kuna wageni sita, kuku katoka kwenye friza mchana: nje ameyeyuka, ndani bado barafu. Nikampaka unga hivyo hivyo. Maji yakaendelea kutoka, unga ukawa uji, na kwenye mafuta moto yale maji yakageuka mvuke, ukalinyanyua koti lote. Mama mwenye nyumba hakusema neno, na kimya kile kiliniuma kuliko kugombezwa. Kwa hiyo: kuku ayeyuke kabisa, ndani ya friji, tangu usiku. Mfute kwa karatasi za jikoni pande zote. Chumvi nayo huvuta maji, basi kama amekaa nayo, mfute tena.
5. Unga, yai, chenga, kwa mpangilio huo. Kung'uta unga uliozidi.
6. Acha dakika 10.
7. Mafuta yafike nusu ya unene wa kipande. Dondosha chenga moja. Ikichemka papo hapo, weka kuku. Dakika 3 kila upande, geuza mara moja tu. Usijaze kikaango, mafuta yatapoa.
8. Weka juu ya wavu wa waya, kamulia limau, kula.

MASWALI

Jiko2: Naweza kuruka unga?
— Hatua ya 5.

Dereva_wa_Voi: Nimefuata yote na limevuka.
— Ulimkausha?
Dereva_wa_Voi: Nilimwosha nikamchuja.
— Basi hukufuata yote, kaka. Kuchuja si kukausha.

MamaPili: Mwalimu, kwani yai lenyewe halishiki nyama?
— Swali zuri, dada. Nyama mbichi inateleza. Unga hunyonya unyevu uliobaki, yai likapata pa kung'ang'ania. Likipata moto hugandamana na kuzishika chenga. Ndiyo maana unga ukiwa mzito pia ni hasara: katikati hubaki mkavu, koti linaachana hapo hapo. Jaribu vipande viwili, kimoja bila unga, utaona kwa macho yako.

Jiko2: Wa kienyeji je?
— Hapana. Dakika sita hazimlainishi. Mpike kwa nazi.

MamaPili: Chenga za dukani ghali. Mimi hukausha boflo la jana juani, nalikwaruza.
— Hilo ni bora kuliko la dukani. Liwe tu lisilo na sukari, kwani mkate mtamu huungua kuku hajaiva.

Dereva_wa_Voi: Nimerudia leo, nimemfuta mara mbili. Limeshika! Yai na chenga zilizobaki nitupe?
— Hongera sana, kaka. Usitupe: changanya, katia kitunguu na dania, finyanga vidonge, kaanga mpaka viive ndani. Ila iwe jioni hiyo hiyo, maana yai hilo limegusa kuku mbichi.